Kati ya "sana" na "kidogo": majibu ya kuchagua katika ankete zetu

Wandugu na wadada wenye kuandika TFC na memwari, tuseme ukweli: fomu zetu nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa, halafu anketeri anatafsiri mbele ya mlango wa mtu, kila mmoja namna yake. Swali lenyewe mara nyingi linavuka salama. Yale majibu ya kuchagua njo yanaharibika njiani.

Ngazi ya majibu matano tunayopenda, kutoka "nakubali kabisa" mpaka "nakataa kabisa", inatoka kwa Mmarekani Rensis Likert, aliyeitangaza mwaka 1932. Kila jibu linapewa namba, 1 mpaka 5. Ukitafuta wastani wa hizo namba, unachukulia kwamba kutoka daraja moja mpaka ingine umbali ni uleule.

Sasa chukua "plutôt satisfait", ile ya 4. Kwa Kifaransa mtu huyo ameridhika, kasoro mbili tatu tu. Anketeri anasoma: "umeridhika kidogo". Mama wa sokoni Kadutu akisikia "kidogo", anaelewa kwamba karibu hakuna kitu. Ni kusema "hapana" kwa heshima. Jibu limeshuka chini ya katikati, lakini kwenye Excel bado linaandikwa 4. Kisha mradi wa maji unasoma wastani, unaona watu wanafurahi, na bomba halitengenezwe.

Na ile "neutre"? Inakuwa "sawa tu". Kwetu "sawa tu" ni neno la mtu aliyechoka kulalamika, ao anayetaka umuache akapike. Asiyejua naye tunamuweka palepale, na hii mimi naona ni mbaya zaidi. "Sijui" iwe na nafasi yake pembeni, isipewe 3.

Kuna pia "mara kwa mara". Wengine wanasikia "mara moja moja", wengine "mara mingi". Uliza tu: wiki iliyopita, maji yalitoka siku ngapi?

Usifikiri kuacha maneno na kubaki na namba kutakuokoa. Mwaka 1991 Norbert Schwarz na wenzake walitangaza jaribio la Ujerumani: watu waliulizwa wamefaulu kiasi gani katika maisha. Kwenye ngazi ya 0 mpaka 10, 34% walijiweka kati ya 0 na 5. Kwenye ngazi ya -5 mpaka +5, yenye madaraja 11 vilevile, 13% tu walijiweka nusu ya chini. Sufuri ilisikika kama kukosa mafanikio. -5 ilisikika kama kushindwa kabisa, na nani anapenda kujiita hivyo?

Dawa haiombi pesa. Andika majibu kwa Kiswahili cha kwenye utaenda kuuliza, anketeri wote wasome maneno yaleyale. Mbele ya kutoka, andika kila jibu kwenye karatasi ndogo, changanya, omba watu kumi wa kartiye wazipange toka chini mpaka juu. Kwa asiyesoma, msomee. Kwenye wanagombana, neno hilo libadilishwe. Ao gawanya swali mara mbili: "Umeridhika ao haukuridhika?" Akijibu, ndipo unauliza: "Sana, ao si sana?" Inaongeza dakika chache kwa kila nyumba, na direkteri atauliza kwa nini fomu imekuwa ndefu. Muonyeshe zile karatasi kumi.