Hesabu ya Kibaba na Pishi

Wengi wetu hudhani kuwa 10 ni lazima iwe kumi. Sivyo. Maana ya 10 ni "fungu moja kamili, wala hapana kilichobaki." Tumezoea mafungu ya kumi kwa kuwa tuna vidole kumi mikononi, lakini twaweza kufunga mafungu ya idadi yo yote.

Bonde letu la Kilombero ni nchi ya mpunga, basi na tutumie mchele kuwa mfano. Kabla ya kilo kuenea, wazee walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Hapa fungu si la kumi, ni la nne.

Tuseme nyumbani mna vibaba 27. Vikifungwa nne nne, tunapata pishi 6 na vibaba 3. Pishi nazo tuzifunge nne nne: tunapata rundo 1 la pishi 4, na pishi 2 zaidi. Tukiandika rundo kwanza, kisha pishi, kisha vibaba, tunapata 123. Isomwe "moja, mbili, tatu," wala si mia na ishirini na tatu. Tarakimu zinazohitajiwa ni 0, 1, 2 na 3 tu, maana vibaba vikifika 4 huwa pishi.

Sasa ndugu watatu wataka kugawana mchele huo. Je, utagawanyika sawasawa, pasiwe na ugomvi? Jumlisha tarakimu: 1 + 2 + 3 = 6. Sita hugawanyika kwa tatu, basi na mchele wote utagawanyika.

Sababu yake ni hii. Ukigawa pishi moja kwa watu watatu, kila mtu hupata kibaba 1, na kibaba 1 hubaki. Ukigawa rundo la vibaba 16, kila mtu hupata 5, na 1 hubaki. Kwa hiyo kila fungu, likiwa dogo au kubwa, huacha kibaba kimoja. Kujumlisha tarakimu ni kuhesabu masazo. Hapa masazo ni 6, kila ndugu aongezewe 2: 5 + 2 + 2 = 9. Katika hesabu ya kumi, 9 hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa 9 ni pungufu ya kumi kwa moja.

Fedha nayo ilikuwa na mafungu yake. Hadi mwaka 1904 rupia ya Wajerumani katika nchi hii ilikuwa pesa 64, yaani 4 × 4 × 4. Kwa hesabu ya nne huandikwa 1000. Jumla ya tarakimu ni 1. Basi watu watatu wakigawana rupia, kila mmoja hupata pesa 21, na moja hubaki. Mwaka huo rupia ilifanywa heller 100, na ndiyo asili ya neno letu "hela." Mia kwa hesabu ya nne ni 1210. Jumla ni 4, na 4 kwa tatu huacha 1. Mabadiliko hayo hayakuwasaidia ndugu watatu!

Ndugu wasomaji, jaribuni vibaba 50. Angalieni sana nafasi ya pishi: ikiwa tupu, msisahau kuweka 0, la sivyo mchele wa nyumba nzima utapotea kwenye karatasi.