Mtoto wa Mbwa Akiharisha Damu

Ukishuka Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, huenda mvuvi au mama wa sokoni akakupa mtoto wa mbwa. Ana wiki saba au nane, amenona, anacheza. Unamtia kwenye kikapu na kurudi naye kambini. Watoto wanafurahi, wanampa jina. Baada ya siku tano hataki kula. Anatapika. Kesho yake anaharisha maji yenye damu na harufu kali. Siku mbili baadaye amekufa.

Hapo maneno yanaanza. Mama anauliza kama ni kipindupindu na kama watoto wake wameambukizwa. Baba anasema jirani amemwekea mbwa sumu. Kabla ya kugombana na jirani, soma ukurasa huu. Mara nyingi aliyeua mtoto wa mbwa namna hii ni ugonjwa unaoitwa parvo.

PARVO NI NINI?

Ni ugonjwa wa mbwa unaoletwa na kirusi kidogo sana. Ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili tu ulikuwa umeenea duniani kote. Kirusi hiki hushambulia utumbo, kikaharibu ngozi yake ya ndani, na pia hupunguza chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Wanaoumia zaidi ni mbwa wa umri wa wiki 6 hadi miezi 6 ambao hawajachanjwa.

Sisi wa eneo hili tunajua kuhara kunavyoua. Mwaka 1994, katika kambi za Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu ya watu kwa muda mfupi, wengi wao kwa sababu ya kuishiwa maji mwilini. Parvo ni ugonjwa mwingine kabisa, lakini nayo humkausha mbwa namna hiyohiyo. Akiwa mdogo, siku mbili au tatu zinatosha kumuua.

JE, BINADAMU ANAAMBUKIZWA?

Hapana. Parvo ya mbwa haimpati mtu. Mtoto wako akiharisha, usiseme ni mbwa: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata hivyo nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika mbwa, kwa sababu kinyesi chake kinaweza kuwa na minyoo inayoingia kwa watu.

UNAENEAJE?

Unaenea kwa kinyesi na matapishi ya mbwa mgonjwa. Mbwa mwingine akinusa au akilamba, anaambukizwa. Dalili huonekana baada ya siku 3 hadi 7, mara nyingine zaidi, na mbwa huanza kutoa kirusi hata kabla hujamwona anaumwa. Wewe mwenyewe unaweza kukileta nyumbani chini ya viatu, kwenye kikapu, kwenye kamba au sahani. Tena kirusi hiki ni kigumu: kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kinaweza kuishi miezi mingi, hata mwaka.

Ndiyo maana familia moja inaweza kuzika watoto wa mbwa watatu kwa mwaka mmoja na kudhani imerogwa. Si uchawi. Ni udongo uleule na kibanda kilekile.

CHANJO IPI?

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo soma mara mbili: chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii parvo. Ikiwa mbwa wako alichomwa sindano siku ya kampeni ya kichaa, bado hajakingwa na parvo. Hizi ni chanjo mbili, na zote zinahitajika. Muulize daktari wa mifugo wa sekta, au duka la dawa za mifugo lenye daktari, kuhusu chanjo ya parvo na bei yake kabla hujamchukua mtoto wa mbwa.

Chanjo ya parvo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha tena anapofikia mwaka mmoja. Kwa nini kurudia? Kwa sababu kinga aliyopata kwenye maziwa ya mama yake huzuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa macho siku ambayo kinga hiyo imekwisha. Sindano moja tu haitoshi.

Usinunue chanjo inayotembezwa mfukoni. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto huharibika, na utakuwa umelipia maji matupu.

MPAKA CHANJO ZIKAMILIKE

1. Uliza kwanza uongozi wa kambi kama mbwa wanaruhusiwa.
2. Usimchukue mtoto kabla ya wiki 8, wala kutoka nyumba ambayo mbwa wamekufa kwa kuhara.
3. Mweke nyumbani. Asizurure jalalani, sokoni wala karibu na machinjio.
4. Asikutane na mbwa usiowajua.
5. Vua viatu vya nje kabla ya kuingia anapolala.
6. Okota kinyesi chake kila siku, ukitupe chooni au ukifukie mbali na maji.

AKIANZA KUUMWA

Mtenge na mbwa wengine na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo; usingoje kesho. Bila matibabu wengi hufa. Wakipata mapema maji ya mshipani na uangalizi mzuri, wengi hupona. Unapomngoja daktari, mpe joto, na kama hatapiki mpe maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo. Tengeneza nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti za kituo cha afya ni za watoto wetu, tuwaachie. Usimpe mbwa dawa za maumivu za watu, zinaweza kumuua.

AKIFA

Mfukie kwa kina, mbali na kisima na mto. Choma matandiko yake. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni kwanza, kisha umwagie javel: kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, uache dakika 10. Sabuni peke yake haiui kirusi hiki, wala pombe. Udongo wa uani hauoshiki. Hapo usilete mtoto mwingine ambaye hajakamilisha chanjo mpaka mwaka upite. Waambie majirani wenye mbwa. Si aibu, ni kuwasaidia.

USISAHAU KICHAA

Parvo haimpati mtu, lakini kichaa cha mbwa humuua. Mbwa akikuuma, hata mtoto mdogo wa mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya mara moja. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Ndugu msomaji, atakayekupa mtoto wa mbwa hatakudai kitu. Lakini chanjo ina bei na ina tarehe. Ukiona huwezi kuipata sasa, mwache mtoto kwa mama yake Nyamyumba mpaka uweze. Hivyo pia ni kumpenda.