Paa la Asbesto Shuleni: Uliza Kabla ya Kupanda na Nyundo

Ukipita katika shule zetu za zamani, vyuo vya ualimu na vyuo vya ufundi, hebu tazama juu. Yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi mapana, ambayo hayapigi kelele mvua inaponyesha, mengi yake ni ya asbesto. Yalipendwa kwa sababu hayashiki kutu wala moto, na darasa hubaki na ubaridi hata mchana wa Februari. Siku hizi yamepata sifa mbaya, na wazazi huja mkutanoni wakitaka yang'olewe kesho asubuhi. Wana haki ya kuuliza. Lakini hiyo haraka yanitia wasiwasi kuliko paa lenyewe.

Asbesto ni nini? Ni madini yanayochimbwa ardhini, na ukiyaponda yanakuwa nyuzinyuzi kama pamba. Kiwandani nyuzi hizo zilichanganywa na simiti. Katika bati la paa asbesto ni kama asilimia 10 hadi 15 tu, iliyobaki ni simiti, na maadamu bati ni zima simiti hiyo huzishika nyuzi zisitoke. Ukilivunja, ukilikata kwa msumeno, ukilitoboa au ukilisugua kwa brashi ya waya, zinaruka hewani. Huzioni, hazina harufu, hata koo haziwashi. Mtu anazivuta mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine hazitoki tena.

Huko ndani huleta asbestosisi, yaani mapafu kuwa magumu hata mtu akikosa pumzi; huleta saratani ya mapafu, na pia mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au matumbo. Magonjwa haya huchelewa sana, mara nyingi miaka 20 hadi 40. Kwa hivyo kibarua aliyekata mabati hayo mwaka 1990 anaweza kuanza kuugua sasa, na nyumbani watasema ni kifua tu. Nani atakumbuka paa la bweni? Na kama anavuta sigara, hatari yake ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi sana.

Wako wanaosema haya ni mambo ya wachimba migodi. Sivyo. Mwaka 1960 Dkt. J. C. Wagner na wenzake kule Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu na migodi. Utafiti wa London wa mwaka 1965 ulikuta hata wanawake ambao kosa lao lilikuwa kufua nguo za kazi za waume zao. Na mtoto wa shule ana miaka mingi mbele yake ya kuugua kuliko mzee.

Basi tufanyeje? Kazi ya kwanza haihitaji pesa nyingi: ni daftari. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 inazitaka shule zikague majengo, ziandike asbesto iko wapi na ziwe na mpango wa kuitunza. Halmashauri ya shule yoyote hapa kwetu inaweza kuiga. Andikeni kila jengo, lilijengwa lini, paa lina hali gani, wapi pamepasuka. Kwa macho tu huwezi kujua kwa hakika, kwani yako mabati ya simiti yasiyo na asbesto. Kama hakuna kipimo cha maabara, hesabuni kwamba ni asbesto. Tazameni tena kila baada ya miezi sita. Na fundi yeyote, hata yule wa kuvuta waya wa stima, aonyeshwe daftari kabla ya kupanda ngazi. Fundi haambiwi, ndiyo shida yetu kubwa.

Paa zima lisilobomoka liacheni. Msiwape wanafunzi kazi ya kulisugua kuvu. Mkifagia darasa ambamo vipande vimeanguka, lowesheni kwanza kwa maji yenye sabuni, wala msifagie pakavu. Wengi huuliza juu ya maji ya mvua ya paa hilo: hofu kubwa iko katika kuvuta vumbi, si katika kunywa. Lakini takataka za mfereji wa paa zikikauka ni vumbi hilo hilo, kwa hiyo zitolewe zikiwa mbichi.

Ikibidi kung'oa, hiyo si kazi ya harambee. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka asbesto miongoni mwa taka hatari, kwa hivyo NEMA iarifiwe, na usafirishaji na mahali pa kufukia pawe na kibali chake. Shule ifungwe, watu wasiwe karibu. Mabati hulowanishwa, misumari na bolti hufunguliwa pole pole, bati hushushwa zima, halirushwi chini. Kisha hufungwa kwa karatasi nzito ya plastiki na kuandikwa alama ya hatari. Wafanyakazi wavae ovaroli na kinyago maalumu cha vumbi hatari; kitambaa au kile kinyago cha hospitali hakizuii nyuzi. Nguo zisiende nyumbani kufuliwa. Isitoshe mabati ya zamani ni dhaifu, na mtu akiyakanyaga anaweza kuanguka mpaka sakafuni.

Nimeona pia vipande vilivyong'olewa vikigawiwa vibarua kama zawadi, vikaishia kwenye vibanda vya kuku na majiko, vimekatwa kwa msumeno upya. Huo si ukarimu, ni kuhamisha hatari kutoka kwa shule hadi kwa maskini. Kama viko kwenu nyuma ya stoo, lowesheni, vifunikeni kwa plastiki, zungusheni kamba, mkaite ofisi ya NEMA ya kaunti.

Mkimaliza mapaa, ingieni maabara. Zile wavu za waya za zamani zinazowekwa juu ya moto, zenye duara jeupe katikati, nyingi zilikuwa na asbesto. Duara likianza kumeguka, fungeni ndani ya mfuko, ziwekeni pamoja na taka zile nyingine, na kununua mpya zisizo na asbesto si gharama ya kuitia mkutano wa wazazi.