Kanzidata ya sataranji kwenye kompyuta moja ya Mpanda

Mchezo wa ubao unaotawala vibaraza vya Mpanda, kama ilivyo sehemu kubwa ya Tanzania, ni drafti, na kete zake mara nyingi ni vizibo vya soda. Sataranji, ambayo vijana huiita chesi tu, bado ni mgeni, na anayetaka kuijua kwa undani huku Katavi si rahisi akute kitabu chake dukani. Kwa hiyo programu ya bure ya kanzidata, yaani ile inayohifadhi michezo iliyokwisha kuchezwa, hatua kwa hatua, na kukuruhusu kuipekua, ina faida kubwa zaidi hapa kuliko kwenye miji yenye makocha na mashindano ya kila mwezi. Tatizo ni kwamba wengi huichagua kwa kigezo kibaya: wanauliza ina michezo mingapi. Kwa shule ya sekondari yenye kompyuta moja, maswali ya maana ni mawili tu. Je, itafanya kazi bando likiisha? Na je, itatunza michezo ya wanafunzi wenyewe kwa namna ambayo hakuna kampuni wala programu itakayoweza kuifungia?

Jibu la swali la pili limo ndani ya faili, si ndani ya programu. Tangu mwaka 1993, alipoubuni Steven Edwards, mtindo wa PGN umekuwa lugha ya pamoja ya wachezaji wa sataranji wanaotumia kompyuta duniani. Faili la PGN ni maandishi matupu. Ukilifungua hata kwa Notepad utaona mistari saba ya utambulisho: shindano, mahali, tarehe, raundi, mwenye nyeupe, mwenye nyeusi na matokeo. Chini yake zinafuata hatua zenyewe, mathalani 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6, ambapo N ni farasi na f3 ni mraba anapotua. Mchezo usio na maelezo hauzidi sana kilobaiti moja, kwa hiyo michezo elfu moja inaingia kwenye flashi ya zamani kabisa na nafasi inabaki. Programu yoyote isiyokuruhusu kuingiza na kutoa PGN bila malipo haifai, hata kama sura yake inavutia.

Ukishaweka sharti hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi. ChessBase ya Hamburg, ambayo Garry Kasparov alikuwa miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza miaka ya 1980, ni nzuri, lakini ni ya kununua. Scid, iliyoanzishwa na Shane Hudson, na ndugu yake Scid vs. PC, iliyoendelezwa na Steven Atkinson, ni za bure na msimbo wake uko wazi. Zinakubali Windows na Linux, hazihitaji kompyuta yenye nguvu, na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti. Sifa hii ya mwisho ina uzito wa pekee katika mji ambao kwa miaka mingi uliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Hata kujaza kanzidata hakudai bando kubwa, ukichagua chanzo vizuri. Michezo ya tovuti ya Lichess hutolewa bure, lakini faili lake la mwezi mmoja, likiwa limebanwa, hupita gigabaiti 20. Kulipakua kwa bando la simu ni kutupa fedha. Mkusanyo wa The Week in Chess, ambao Mark Crowther ameutoa kila wiki tangu 1994, ni wa megabaiti chache tu, na una michezo ya mashindano halisi.

Kuwa na kanzidata ni jambo moja, kuisoma ni jingine. Tuchukue mtego unaowanasa wengi wanaoanza: 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4 Nd4. Nyeusi anaacha kete ya e5 wazi. Nyeupe akiila kwa farasi, malkia wa nyeusi anaruka hadi g5. Farasi akiendelea kula f7, malkia anakula g2, na kwenye hatua ya saba mfalme wa nyeupe amefungwa katikati ya kete zake mwenyewe. Katika michezo ya wanaoanza, takwimu zinaweza kumfanya nyeusi aonekane shujaa. Lakini pekua michezo ya mabingwa: hatua hiyo ya tatu haionekani kwa urahisi, maana nyeupe akibadilishana farasi tu, anakaa vizuri na mtego umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuamini asilimia yoyote kwenye dirisha la mti wa hatua, linaloonyesha kila hatua ilileta matokeo gani, angalia ni nani waliocheza na ni michezo mingapi. Asilimia 80 ya michezo mitano haikuambii kitu.

Wapo watakaosema kazi hii yote inafanywa na simu. Ni kweli kwamba Lichess ni bure na ni nzuri mno, na DroidFish husoma faili za PGN kwenye simu ya Android, ikiwa na Stockfish, injini inayokokotoa hatua, ndani yake, bila mtandao. Sioni ugomvi hapo. Simu na kompyuta zibadilishane mafaili. Pingamizi zito zaidi ni lile la Katwe. Robert Katende aliwafundisha watoto wa mtaa huo wa Kampala, na kutoka humo akatoka Phiona Mutesi, aliyefika Olimpiadi ya sataranji na ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016. Hawakuanza na kanzidata, walianza na ubao. Nakubali kabisa, na mwalimu mwenye fedha ya kitu kimoja anunue ubao. Ila aliyekwisha kucheza na akafungwa anahitaji kujua alipokosea, na kumbukumbu ya kichwa humdanganya. Stockfish nayo itamwonyesha hatua bora, lakini haitamweleza kwamba amekosea namna hiyohiyo mara nne tangu Januari. Hilo hulijua daftari lake tu, yaani kanzidata ya michezo yake mwenyewe.

Na daftari hilo hakuna wa nje atakayelijaza. Mikusanyo mikubwa imejaa michezo ya Ulaya. Mchezo uliochezwa darasani Mpanda au Inyonga hautaingia humo wenyewe. Mwanafunzi aandike hatua kwenye karatasi wakati wa kucheza, jioni zihamishiwe Scid, na nakala ya PGN ibaki kwenye flashi inayokaa mbali na kompyuta. Kazi ngumu kuliko zote ni majina. Leo ataandikwa Ally Hassan, kesho Hassan Ali, na programu itahesabu watu wawili. Basi mwalimu apange tahajia moja tangu siku ya kwanza na aibandike ukutani. Kwenye mstari wa mahali patoshe maneno mawili, Mpanda TAN.