Je, Wajua? Si kila "mtende" ni mtende

Je, wajua kwamba ule "mtende" wa uani unaweza kuwa mkindu, mkoma au mvumo? Kwenye ardhi kavu kama ya Ilongero, Singida, jina sahihi ni jambo zito: mkindu hupenda maji karibu, mkoma huvumilia ukame.

Anza na jani. Likiwa kama unyoya, tupia macho vijani vyake. Vikikunjwa kama mfereji unaokinga mvua, huo ni mkindu au mtende, ndugu wa damu; vya mnazi hukunjwa kama paa. Mkindu huchipua vigogo vingi kutoka shina moja, navyo huinama; mtaalamu wa mimea Jacquin aliuita Phoenix reclinata mwaka 1801. Ukindu wake mama zetu husukia mikeka.

Jani likiwa kama kipepeo cha jikoni, tazama kigogo. Cha mvumo husimama kimoja na kutuna katikati. Mkoma wa pwani hugawanyika panda, tena panda. Mche wake mchanga bado haujagawanyika, basi usiharakishe kuupa jina.