Mbolea: Punguzo dogo siku ya mavuno lashinda ruzuku ya baadaye

WAKULIMA wengi wa mahindi wanajua faida ya mbolea, lakini wakati wa kuitumia ukifika mfuko ni mtupu. Lawama hutupwa kwa elimu duni au bei kubwa. Hesabu za tabia zinaonyesha sababu nyingine: fedha na uamuzi havikutani kwa wakati.

Mwaka 1987, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Mazur, alichapisha kanuni iliyotokana na majaribio ya njiwa. Thamani ya tuzo machoni pa anayeisubiri hupatikana hivi: zidisha kiwango cha papara kwa muda wa kusubiri, ongeza moja, kisha gawanya tuzo kwa jibu hilo.

Tuchukue mfano. Mbolea ya sh 6,000 italeta mavuno ya ziada ya sh 10,000 baada ya miezi minne. Papara ikiwa 0.25 kwa mwezi, mara nne ni 1; ongeza moja, unapata 2. Sh 10,000 huonekana kama sh 5,000 tu. Mkulima anaahirisha, na fedha inaishia kwenye matumizi mengine.

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walitumia hesabu za aina hii Busia, magharibi mwa Kenya. Mkulima alifuatwa mara tu baada ya kuvuna, akauziwa vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida, na kupelekewa mzigo bure iwapo angelipa mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa motisha hiyo ndogo iliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinacholingana na punguzo la nusu bei lililotolewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia.

Kwa muuza pembejeo au chama cha ushirika, mpango ni huu:

• Uza vocha siku mkulima anapolipwa mazao yake.

• Weka siku ya mwisho iliyo karibu. Ofa isiyo na mwisho huzaa kuahirisha.

• Andika idadi ya wanunuzi kabla na baada, ulinganishe.

Tahadhari moja: mzigo ufike siku iliyoandikwa. Vocha ikikosa mbolea mara moja, msimu ujao hutapata mnunuzi wa kulipa mapema.