Matanga ya Askari

Katika miji yetu ya pwani mtu akifiwa haachwi peke yake: majirani huja, mikeka ikatandikwa, khitima ikasomwa, na muda wote wa matanga mfiwa hulala na kuamka katikati ya watu waliomjua marehemu na wasioogopa kumtaja. Askari aliye vitani hana bahati hiyo. Sahibu yake huanguka ubavuni pake asubuhi, na kabla jua halijachwa ameamriwa atwae bunduki na kuendelea na safari. Kilio hukimeza, na hicho alichokimeza hurudi nacho nyumbani, akaishi nacho miaka mingi pasipo mkewe wala wanawe kujua kilichomkausha.

Vita vya Wamarekani huko Vietnam viliidhihirisha adha hii kuliko vita vingi vilivyotangulia, na sababu mojawapo ilikuwa taratibu ya jeshi lenyewe. Aghalabu askari wa nchi kavu alipelekwa kwa mwaka mmoja, na kila mtu alikuwa na tarehe yake ya kwenda na tarehe yake ya kurudi, peke yake, kwa ndege. Hata ikawa mtu aliyekuwa juzi katika matope ya mashamba ya mpunga, leo yuko mezani kwa mamake, wala mtaani kwao hapana hata mmoja aliyemjua rafiki yake aliyekufa. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walirejeshwa kwa meli, wengi pamoja, na ijapokuwa dhiki zao zilikuwa nyingi, angalau walikuwa na siku za baharini za kuwazungumzia wale waliowaacha nyuma.

Mwishoni mwa mwaka 1970, katika mji wa New York, wapiganaji waliorudi kutoka Vietnam, ambao sasa walikuwa wakiipinga vita ile, walianza kukutana afisini mwa chama chao na kusemezana yaliyowasibu. Waliwaalika matabibu wa nafsi wawili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, walakini kwa sharti lao wenyewe: pale hapakuwa na mganga na mgonjwa, wote waliketi sawa, na tabibu naye alipaswa kusema ya moyoni mwake. Mwezi wa Mei 1972 Shatan aliandika katika gazeti la New York Times juu ya aliyoyasikia. Katika yote, lililomgusa zaidi halikuwa jinamizi la usiku wala hasira, bali shaka iliyowatesa vijana wale kama wangali wanaweza kumpenda mtu, au kukubali kupendwa. Naye aliona kwamba asili ya hayo ni msiba usioliliwa, nami naamini aliona sawasawa.

Maana hebu tufikiri. Mtu anamwambia mkewe, "Nilimwacha pale, nikakimbia." Mke, kwa kuwa ampenda, humjibu kwamba kosa si lake, na maneno hayo, japo ni mema, hayamwingii, kwani aliyeyasema hakuwapo. Maneno yale yale akiyasema mtu aliyelala katika handaki lile lile, akaongeza, "Hata mimi nilikimbia," hapo yule mume huinua macho. Amesadikiwa, hajahukumiwa, na machozi yaliyozuiliwa hupata njia. Mahaba ya swahiba hayashindani na mahaba ya nyumbani. Ndiyo yanayomrudisha mtu nyumbani akiwa mzima wa moyo.

Serikali ya Marekani iliukubali ukweli huu polepole. Mwaka 1979 sheria ilipitishwa ya kufungua vituo vya wapiganaji mitaani, mbali na mahospitali, na wengi wa washauri wake walikuwa wenyewe watu wa vita. Na mwaka 1980 ndipo waganga wa akili wa nchi ile walipoyaandika rasmi mateso haya katika kitabu chao cha maradhi.

Kisha, Novemba 1982, ukazinduliwa mjini Washington ukuta wa mawe meusi wenye majina ya waliokufa Vietnam, uliotokana na juhudi za Jan Scruggs, aliyejeruhiwa vitani, na kuchorwa na Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21. Majina yake, ambayo leo yamezidi 58,000, hayakupangwa kwa alfabeti bali kwa siku mtu aliyopatwa na mauti au na jeraha lililomwua, hivyo waliokufa pamoja wamo pamoja. Mpiganaji hufika, hutafuta siku yake, na mbele yake husoma kikosi chake. Juu ya jiwe lililong'arishwa huuona na uso wake mwenyewe kati ya majina yao. Wengi huweka karatasi juu ya jina, wakasugua penseli mpaka herufi zikatokea, wakaondoka nalo.

Nasi Watanzania tunao wapiganaji wetu wa Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ambao sasa ni wazee. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake, na huko Kaboya yako makaburi ya waliokufa katika vita ile. Basi ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yumo mzee wa namna hii, asemaye kidogo na kukaa kando, usimlazimishe akuhadithie wewe. Muulize wenziwe wa kikosi ni akina nani na wanakaa wapi, mlipie nauli, umfikishe kwao, na umwache huko siku kadhaa.